Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa za magonjwa ya akili nazo zijaribiwe hapa nchini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Ndugu Wakurugenzi Wakuu wa NIMR (utafiti wa magonjwa), TMDA (udhibiti wa dawa) na COSTECH (sayansi na teknolojia),

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimestaafu utumishi wa umma, na barua hii naiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina ofisi moja. Ukilipeleka wizarani unaambiwa ni la watafiti. Ukilipeleka kwa watafiti unaambiwa hakuna fungu. Ukiuliza habari za fungu, unarudishwa wizarani. Nimeona niwaandikie wote kwa mpigo, na wananchi nao wasome.

Ombi langu ni moja. Tanzania ianze kufanya majaribio ya kitabibu ya tiba za skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na sonona kali (huzuni isiyoondoka) kwa wagonjwa wake yenyewe, kwa fedha zake, na ianze na dawa za zamani ambazo tayari tunawapa watu kila siku. Sizungumzii dawa mpya. Nazungumzia zile zile za kwenye kabati la kliniki, ambazo tunazitoa kwa dozi na masharti yaliyopangwa kwa kuwatazama watu wa kwingine.

Asitokee wa kusema hatuwezi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofika hatua ya tatu ya majaribio, kati ya mwaka 2009 na 2014, ilijaribiwa kwenye vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vyetu: Bagamoyo na Korogwe. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki kwa jumla. Ilipokuja R21, chanjo nyingine ya malaria, Bagamoyo ilikuwemo tena. Kwa hiyo tunao watu wanaojua kuandika itifaki (mpango wa utafiti), kuomba ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kutunza sampuli umeme ukikatika, kumfuata mshiriki hadi kwao hata pikipiki ikikwama matopeni, na kuripoti madhara usiku ule ule. Ujuzi huo kliniki ya akili haijaufaidi ipasavyo.

Tazameni tulichonacho mikononi. Manufaa ya lithiamu yaliandikwa na John Cade wa Australia mwaka 1949. Klopromazini, ambayo wazee wa wodini wanaiita Lagaktili hadi leo, ilianza kupewa wagonjwa wa akili mwaka 1952 jijini Paris, hospitali ya Sainte-Anne, mikononi mwa Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen. Si dawa mbaya hata kidogo. Nimepokea watu walioletwa wamefungwa kamba juu ya tela la ng'ombe, na baada ya wiki kadhaa nikawasindikiza hadi stendi wakiwa wamejibebea mabegi yao. Kinachonikera ni kwamba miaka 70 imepita, na bado hatujui kwa ushahidi wetu wenyewe ni dozi ipi inamtosha mgonjwa wa Kibondo au wa Lindi, wala ni madhara yapi atayabeba akiitumia miaka yote.

Nianze na klozapini, maana hapo suala linaonekana wazi kuliko kwingine kote.

Klozapini ndiyo dawa inayobaki pale skizofrenia inapokataa dawa nyingine. Ina historia nzito. Mwaka 1975 wagonjwa 8 walifariki Finland baada ya chembe nyeupe za damu kuporomoka, na dawa ikawekwa kando katika nchi nyingi. Ilirudi kwa sababu ya jaribio la Marekani lililochapishwa na John Kane na wenzake mwaka 1988: kati ya wagonjwa ambao dawa nyingine ziliwashinda, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, na asilimia 4 tu kwa klopromazini. Mwaka 2003 likaja jaribio la wagonjwa 980 lililoonyesha kwamba klozapini inapunguza vitendo vya kutaka kujiua kuliko olanzapini, dawa nyingine ya skizofrenia. Ikarudi kwa sharti. Damu ipimwe mara kwa mara, na zile chembe nyeupe ziitwazo neutrofili zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, dawa isianzwe, na kama imeanzwa isimamishwe.

Sasa kiwango chenyewe. Nilikuwa na mgonjwa, kijana fundi wa kuchomelea mageti. Alishapewa haloperidoli, akapewa risperidoni, akapewa sindano ya mwezi, na sauti zikaendelea kumtukana mchana na usiku hadi akaacha kazi. Daktari akaamua klozapini. Mama yake akakopa nauli kwenye kikoba, wakaenda kupimwa damu. Karatasi ya maabara ikarudi na neutrofili 1.4 (elfu kwa kila mikrolita ya damu), na pembeni yake herufi L iliyowekwa na mashine yenyewe, maana yake ni chini ya kawaida. Kijana hakuwa na homa, hakuwa na kidonda mdomoni, hajalazwa kwa maambukizi tangu utoto. Mwongozo uliokuwepo pale mezani, uliochapwa nje ya nchi, ulisema asianzishiwe. Hakuanzishiwa. Mama alikunja ile karatasi akaiweka ndani ya kadi ya kliniki, akauliza kama mwanawe ana ugonjwa mwingine tena wa damu.

Hakuwa nao. Watu wengi mno wa Afrika kusini mwa Sahara tumezaliwa bila kiambata kiitwacho Duffy juu ya chembe nyekundu za damu. Kukikosa kunaizuia malaria ya aina ya vivax isiingie kwa urahisi kwenye chembe hizo, na ndiyo maana vivax si tatizo kubwa kwetu kama ilivyo Asia. Mtu wa namna hiyo huwa na neutrofili chache kidogo ndani ya damu inayozunguka, na wala haumwi zaidi kuliko wengine. Ndivyo tulivyo. Ile herufi L haikusoma ugonjwa wa kijana, ilisoma kwamba mashine ilipangwa kwa damu za watu wengine.

Marekani wenyewe walishaliona hili. Mwaka 2015 mamlaka yao ya dawa ilibadili mwongozo: kwa mtu mwenye hali hii ya kuzaliwa nayo, klozapini inaweza kuanzwa neutrofili zikiwa 1.0 au zaidi. Mwaka 2025 wakaufuta kabisa ule mfumo uliokuwa ukizuia dawa kutolewa duka la dawa lisipoona majibu ya damu, ingawa upimaji wenyewe bado unashauriwa. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliyeko Chicago alishafunguliwa mlango kwa sababu ya damu yake ya Kiafrika, na Mwafrika aliyeko Singida anaweza kukutana na mlango umefungwa kwa sababu ya damu ile ile.

Mtaniambia basi tunakili tu mwongozo mpya wa Marekani, kazi iishe. Hapana. Hapo ndipo utafiti unapohitajika. Mwafrika wa Chicago hapati malaria mara kwa mara. Wagonjwa wetu baadhi wanaishi na VVU, na wapo wanaotumia zidovudini au kotrimoksazoli, dawa ambazo nazo zinaweza kushusha chembe nyeupe. Zikichanganywa na klozapini, kiwango salama ni kipi? Damu ipimwe kila baada ya muda gani mahali ambapo maabara ni safari ya nusu siku? Na yale madhara ambayo wengi wetu tuliyapuuza kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye damu, kama kufunga choo, jambo linaloweza kuua mtu kimya kimya, au moyo kuvimba wiki za mwanzo, au sukari kupanda, muuguzi wa wilayani atayafuatiliaje? Maswali haya hayana jibu Marekani kwa sababu hayapo Marekani. Yana jibu kwenye hospitali zetu za Mirembe, Muhimbili, Mbeya, Bugando, na Kidongo Chekundu kwa wenzetu wa Zanzibar, kama mtaturuhusu kuuliza.

Klozapini imenichukua nafasi, lakini si peke yake.

Haloperidoli na risperidoni huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Kati yetu Waafrika ipo aina ya kimeng'enya hicho, inayoandikwa *17, ambayo ni ya kawaida sana na inafanya kazi polepole. Watafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa akiwa mbele yao, wamelichimba suala hili kwa miaka mingi. Kama dawa inavunjwa polepole, dozi ya kitabuni inaweza kuwa kubwa mno kwa mtu. Muuguzi yeyote wa akili anamjua mgonjwa huyo kwa kumwangalia tu akiingia getini: anatembea mikono haipungi, uso hauna mikunjo, mate yanachuruzika, vidole vinatetemeka. Tunampa Artane ya kutuliza mtetemeko, Artane nayo inamkausha mdomo na kumchanganya mawazo, na ndugu wanasema afadhali alivyokuwa mwanzo. Jaribio la kulinganisha dozi ndogo na dozi tuliyozoea, kwa wagonjwa wa kwetu, halihitaji maabara ya kifahari. Linahitaji subira na madaftari yanayojazwa vizuri.

Na jambo la dozi kupangwa mbali nasi si geni kwenu. Efavirenzi ya VVU ilitolewa kwa miligramu 600 kwa miaka mingi. Tulikuwa tunawapokea kliniki ya akili watu wenye ndoto za kutisha na hofu zisizo na sababu, wengine wakidhaniwa wamerogwa. Baadaye jaribio la kimataifa likaonyesha kuwa miligramu 400 zinadhibiti virusi vile vile. Kwa VVU kulikuwa na fedha za kuuliza swali hilo. Kwa skizofrenia ni nani ameuliza?

Lithiamu nitaigusa kwa ufupi. Ni dawa nzuri ya baipola, lakini nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba, na mwili ukipoteza maji na chumvi, lithiamu inapanda kwenye damu. Mgonjwa wetu ni mkulima anayelima juani au mama anayekaanga samaki ufukweni. Mgongo ukiuma anaingia duka la dawa muhimu, anatoka na diklofenaki bila cheti, na diklofenaki nayo inaipandisha. Wengi tunawakwepesha lithiamu kwa hofu hiyo na kuwaandikia valproeti, dawa nyingine ya baipola, wakiwemo mabinti, wakati inajulikana kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kumi wanaotungwa mama akiwa kwenye valproeti huzaliwa na kasoro ya mwili, achilia mbali wanaochelewa kujifunza. Jaribio la kujua lithiamu inaweza kutolewa vipi kwa usalama kwenye joto letu lingewaokoa akina mama wengi uchaguzi mbaya.

Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya skizofrenia inayopita njia nyingine kabisa mwilini, xanomelini pamoja na trospiamu. Ni habari njema, na sina kinyongo nayo. Lakini majaribio yaliyoipitisha yalichukua wiki 5, yakafanyika Marekani na Ukraine. Wiki 5 ni muda ambao kwa wengi wetu mgonjwa hata hajamaliza foleni ya rufaa. Siwaombi mkaikimbilie.

Sasa, tukijaribu, tupime nini? Hapa nina maoni makali kidogo, mnivumilie. Watafiti hupenda alama za madodoso: sauti zimepungua kwa pointi ngapi, huzuni imeshuka kwa pointi ngapi. Ghana walifanya jaribio kwenye kambi ya maombi, lililochapishwa mwaka 2018, ambako wagonjwa 139 waliendelea na maombi, na nusu yao hivi wakaongezewa dawa za hospitali. Waliopata dawa dalili zilipungua. Siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Jaribio hilo ninaliheshimu kwa sababu walithubutu kuhesabu minyororo. Wangehesabu pointi peke yake, wangetangaza ushindi na watu wangebaki wamefungwa. Mwaka 2020 wenzao wa Nigeria pamoja na Ghana, wakiongozwa na Oye Gureje, wakaonyesha kwamba wahudumu wa afya na waganga wakishirikiana rasmi, wagonjwa wa saikosisi (waliopotewa na uhalisia, kama kwenye skizofrenia) wanapata nafuu zaidi kuliko waganga wakiachwa peke yao. Kwetu waganga hatuwezi kujifanya hatuwaoni: utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta karibu nusu ya wanaokwenda kwa waganga wa jadi wana matatizo ya kawaida ya akili, maradufu ya waliokutwa nayo kwenye zahanati. Majaribio yetu na yahesabu kamba, kazi, ndoa, shule, na kama mtu anakaa mezani na wenzake au anapelekewa sahani chumbani.

Na tiba isiyo kidonge nayo ni tiba, ijaribiwe kwa ukali ule ule. Vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda vilishiriki jaribio, lililochapishwa mwaka 2003, la mazungumzo ya vikundi kwa wenye sonona, wiki 16, yakiongozwa na watu wa huko huko wasio madaktari. Upande wa vikundi, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5; upande mwingine walibaki asilimia 54.7. Harare, bibi wa mtaani wanaokaa benchi nje ya zahanati kuzungumza na wenye matatizo ya akili ya kawaida walithibitishwa kuwa wanasaidia kwa jaribio la mwaka 2016 la Dixon Chibanda na wenzake, na benchi hilo limeshafika Zanzibar. Hapa kwetu mradi wa KUPAA, Muhimbili na Mbeya, uliwakalisha pamoja wagonjwa wa saikosisi na ndugu zao, wakafundishwa ugonjwa na namna ya kuishi nao, na ukapimwa kama jaribio halisi. Huo ndio mfano wangu ninapoambiwa wagonjwa wetu hawawezi kushiriki utafiti. Walishiriki. Ila fedha zilitoka Marekani, na fedha za nje zina tarehe ya kuisha.

Najua neno "majaribio" linatisha. Ndugu wa mgonjwa akilisikia anafikiri mtu wake anafanywa panya, na kwa historia ya bara letu hofu hiyo si ya kijinga. Dawa yake ni masharti, nayo mnayo nyinyi. Mtu mwenye skizofrenia siku nyingi anaweza kuamua mambo yake mwenyewe. Uwezo huo upimwe kwa kumuuliza arudie kwa maneno yake alichoelezwa, na ridhaa iombwe tena na tena, kwa sababu akili ya mwezi huu si lazima iwe ya mwezi ujao. Asiyeweza kuamua leo asubiriwe. Vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, visitumike mahali ambapo dawa inayofanya kazi ipo. Na utafiti ukiisha, dawa ibaki. Azimio la Helsinki, lenye kanuni za kimataifa za maadili ya utafiti, linataka jambo hilo lipangwe kabla mshiriki wa kwanza hajasaini. Nimeshuhudia mradi mmoja, siutaji, ambao wagonjwa walitulia kwa sindano mpya, mradi ukafunga hesabu, sindano zikaondoka na magari, na kufikia mvua za masika wawili kati ya wale waliotulia walikuwa wamerudi wodini. TMDA na kamati za maadili za NIMR msipitishe itifaki yoyote ya magonjwa ya akili isiyotaja kwa jina ni nani atainunua dawa hiyo baada ya mradi.

Jambo jingine dogo. Ukanda huu umeshatoa damu nyingi kwa utafiti wa vinasaba vya saikosisi. Mradi wa NeuroGAP umekusanya sampuli kwa maelfu kutoka Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Ni kazi muhimu, hasa kwa kuwa data za vinasaba duniani zimejaa Wazungu. Lakini sampuli ikishatoka kwenye mkono wa mtu, yeye anarudi nyumbani na dozi ile ile. Tukialikwa kwenye miradi ya namna hiyo, tukubali kwa sharti kwamba jaribio la tiba liambatane nayo.

Ninachowaomba kifanyike kabla ya bajeti ijayo si kikubwa. Mfuko wa sayansi ulio chini ya COSTECH utenge dirisha la majaribio ya tiba za magonjwa ya akili, hata kama ni dogo, ili vijana wa vyuo vya MUHAS, Bugando na UDOM waandike maombi yao kwa lugha ya mahitaji yetu badala ya kukisia mfadhili anataka kusikia nini. NIMR iyaingize magonjwa haya kwenye vipaumbele vya utafiti kwa majina yake, yasijifiche ndani ya fungu la magonjwa yasiyoambukiza, ambako kisukari na shinikizo la damu huyameza. Wizara iagize maabara za hospitali za rufaa zitafute viwango vya kawaida vya damu kutoka kwa watu wazima wenye afya wa nchi hii. Hiyo peke yake itazuia karatasi nyingi zenye herufi L. Na kwenye kamati itakayosimamia yote haya wakae watu wawili ambao wameshawahi kumeza dawa hizi, na ndugu mmoja aliyewahi kulala sakafuni pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Walipwe posho sawa na maprofesa.

Jaribio la kwanza liwe la klozapini. Fundi wangu wa mageti bado yuko hai, umri wake bado unaruhusu, na mama yake bado anaitunza ile kadi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Dodoma

Nakala: Kamati ya Kudumu ya Bunge inayosimamia afya, Wizara ya Afya, Zanzibar, Mganga Mkuu wa Serikali.